Feni ya Gari la Bibi Harusi

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mama yangu alikuwa akiwahadithia wageni kwamba tangu utotoni nilikuwa naamka kitandani kuuliza kama mlango umefungwa, na wageni wakicheka mimi nilikuwa nangoja wamalize ili nijibiwe. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya siku niliyompeleka mdogo wangu kwa mumewe huniuliza: wewe na woga wako wote, ulifanyaje kosa kama lile? Nililifanya kwa sababu ya woga. Mtu asiyeogopa asingelifanya.

Mdogo wangu ana pumu. Ilimwanza akiwa na miaka minne, nyumbani kwetu Temeke, na tangu siku hiyo nyumba yetu iliishi kwa kufuata kifua chake. Tulijua vitu vinavyomwamshia: vumbi la ufagio, moshi wa kuni mbichi, baridi ya alfajiri ya mwezi wa saba, na udi. Udi ulikuwa mbaya kuliko vyote. Sisi ni watu wa pwani, na nyumba ya watu wa pwani isiyonukia udi siku ya Idi ni kama haijafagiliwa. Lakini mama alikipandisha chetezo cha kufukizia juu ya kabati, kikakaa huko miaka na miaka, na hakuna aliyethubutu kukishusha.

Alipokuwa na miaka ishirini ilikuja posa, ikarudi bila maelezo. Mtaa mzima ulijua ni kifua. Ilipokuja posa ya pili, ya kijana wa Kinondoni, mama aliniita jikoni akaniambia neno moja tu: usiseme. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mie ndiye niliyekaa na wageni sebuleni. Upande wa mume aliongoza mazungumzo shangazi yake aliyemlea tangu mdogo, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Alikunywa chai, akasifu kaimati, kisha akaniuliza hivi hivi, bila kuzungusha: "Mwanangu, mtoto ana maradhi yoyote tuyajue?"

Nikamjibu, "Hana."

Neno moja, na tangu hapo sikulala vizuri. Nikawa naishi kama mtu aliyeazima kitu bila ruhusa na kila anayebisha hodi anaona amekuja kukidai.

Gari lilikuwa langu, la kwanza maishani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara; magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yalikuwa yanashuka bandarini kila siku, mengine yakipitia Dubai, na watu tuliozoea kupanda basi tulijikuta na funguo mkononi. Langu lilikuja na karatasi ya herufi za Kijapani imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Sikuibandua miezi minane, nikihofia huenda ni maelekezo muhimu. Sifa yake kubwa ilikuwa kiyoyozi. Ukizungusha kitufe cha feni hadi mbili, kwapa zinakauka kabla hujatoka mtaani.

Kwa ajili ya kiyoyozi hicho ilikatwa shauri kwamba gari la bibi harusi liwe langu. Harusi ilikuwa mwezi wa pili, joto la kupasua kichwa. Bibi harusi kwetu hupelekwa kwa mumewe amefunikwa shela, vioo vimepandishwa, asionwe na mtu njiani. Mimi nilipiga hesabu yangu: vumbi litabaki nje, ndani kutakuwa na ubaridi, mdogo wangu atafika Kinondoni anapumua kama watu wengine. Feni ile ndiyo iliyokuwa kifua chake siku hiyo. Ikipuliza, neno langu la sebuleni lingesimama. Isipopuliza, kila kitu kingejulikana mbele ya mtu yule yule niliyemdanganya.

Wiki ya harusi shangazi yule alikuja Temeke kuleta sanduku la nguo. Akalizunguka gari langu, akalipigapiga boneti kama anachagua tikiti maji, akasema, "Zuri. Basi mlifukize vizuri, eeh? Sie kwetu bibi harusi ananukia tangu yuko barabarani."

Nikasema, "Hilo halina shida, shangazi." Alipoondoka nikabaki nimesimama na matatizo yangu. Nisipolifukiza atauliza kwa nini. Akiuliza kwa nini, nitajibu nini? Mtu mwingine angesema udi umekwisha, au tumesahau, na mambo yakapita. Mimi niliona tayari swali linazaa swali, hadi posa ya pili inarudi kama ya kwanza.

Nikapanga. Alhamisi, siku mbili kabla, mdogo wangu akiwa amefungiwa chumbani na somo wake anasingwa, nilikishusha chetezo juu ya kabati, nikakifuta vumbi, nikatia makaa na vipande vya udi, nikakiweka ndani ya gari kwenye sakafu ya mbele upande wa kushoto, chini kabisa ya dashibodi, pasipo na kiti wala kitambaa cha kuungua. Nilijiona makini sana kuchagua pale. Nikapandisha vioo, nikawasha feni kwenye moja, nikasogeza kile kitufe kinachozuia hewa ya nje ili moshi uzunguke uingie kwenye viti. Nusu saa. Halafu nikakitoa, nikaacha milango wazi hadi kesho yake. Moshi wote ulitoka, ikabaki harufu, tena ya mbali. Nilijipongeza. Shangazi atanusa, kifua hakitajua.

Kuhusu dawa, kuna kile kichupa cha kuvuta ambacho nyumbani tulikiita pampu. Mkoba wa bibi harusi haukufaa, kwa sababu mawifi wakishaupata huufungua kwa utani wakatazama kila kitu. Somo wake, jirani yetu wa nyumba ya tatu aliyemfunda na kuijua siri yetu, alijitolea kuibeba. Nikakataa. Atacheza ngoma itamdondoka, atasahau, ataiweka mahali. Nikaitia kwenye mfuko wa suruali yangu, chini ya kanzu, na asubuhi yote ya Jumamosi ile nilikuwa naigusa kila baada ya dakika kuhakikisha ipo.

Tuliondoka Temeke baada ya alasiri. Mabasi ya akina mama yalikwisha kutangulia ili wakampokee kwa vigelegele mlangoni. Mbele yetu ilikwenda pikapu ya matarumbeta. Garini tulikuwa wanne: mimi usukani, somo kushoto kwangu, na nyuma bibi harusi na shangazi, ambaye alikuja mwenyewe kumchukua. Alipoingia alivuta pumzi ndefu, akasema, "Mashallah, hapo sawa." Kwenye kioo cha kati nilikiona kichwa cha mdogo wangu chini ya shela kimeinama kidogo. Niliwasha feni kwenye mbili. Ilivuma vizuri. Nikajiambia, nusu saa tu.

Tulipita Chang'ombe salama. Tulipokaribia Ilala feni ilishusha sauti, kama mtu anayeongea huku anasinzia. Tairi likaingia kwenye shimo, ikarudi. Nikashukuru shimo. Mita mia mbele ikashuka tena, na safari hii ikanyamaza kabisa.

Nikazungusha kitufe. Moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, nne, kimya. Taa ndogo ya kijani ya kiyoyozi ilikuwa inawaka vile vile, ikinidanganya kwamba kila kitu kipo. Nikatia mkono kwenye matundu ya dashibodi: hakuna hata upepo wa kutikisa unyoya.

"Mbona joto?" shangazi akauliza.

"Kidogo tu, inapumzika," nikasema. Sijui nilitoa wapi jibu hilo.

Vioo vimepandishwa, jua la saa kumi linatupiga ubavuni, watu wanne tumevaa nguo za harusi. Dakika moja ilitosha. Na joto lilipopanda, harufu ya udi niliyodhani ni ya mbali ilianza kuamka kutoka kwenye viti. Niliisikia puani mwangu. Nikamtazama somo, somo akanitazama.

"Shangazi," nikasema, "tufungue vioo kidogo, hadi Magomeni tu."

"We! Bibi harusi apelekwe madirisha wazi kama anakwenda sokoni Kariakoo? Watu wamwone, kisha mume aone nini?" Akacheka, akaanza kumsimulia mdogo wangu habari ya pilau inayomngoja, nyama yake imetoka wapi na nani kaipika. Kwenye kioo cha kati nilikuwa naangalia kitu kimoja tu. Kitambaa cha shela mbele ya mdomo wa mdogo wangu kilikuwa kinavutwa ndani, kinaachiwa, kinavutwa ndani. Kwanza polepole. Halafu si polepole.

Nikaegesha pembeni. Pikapu ya matarumbeta haikutambua, ikaendelea na safari yake inapuliza kwa furaha kubwa, ikatokomea bila bibi harusi. Nikainama chini ya usukani kwenye kisanduku cha fyuzi. Nilijua kidogo, mwoga hujifunza vitu kabla havijaharibika. Nikaichomoa fyuzi ya feni, nikaitazama juani: nzima. Nikaweka ya wipa mahali pake, vile vile, kimya. Nikapiga ngumi chini ya dashibodi karibu na magoti ya somo, feni ikastuka, ikavuma, somo akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo haikufanana na habari ya feni. Ikazima kabla sijarudi barabarani. Nikapiga tena, mkono ukaniuma, na safari hiyo haikujibu.

"Mwanangu, kuna nini?" shangazi akauliza.

"Feni tu, shangazi. Dakika moja."

Ningeweza kumaliza kila kitu hapo. Dawa ilikuwa mfukoni mwangu. Ningegeuka, nikampa mdogo wangu, nikafungua vioo. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshika jambo moja: feni ikivuma hakuna atakayejua. Nikawa nawinda feni kama vile ndiyo inayoumwa.

Mbele kidogo kulikuwa na fundi umeme wa magari, mtu mmoja na kontena lake, betri zimepangwa nje, mchanga mweusi kwa oili. Wanaume sita saba walikuwa wamekaa wanasubiri magari yao. Nikaingiza gari pale. Shangazi alipoona wanaume akavua mtandio wake wa juu, akautandaza kwenye kioo cha upande wa bibi harusi na kuuzuia kwa mkono. Kwa hiyo hata mwanga ulipungua.

Fundi alikuwa mtu wa bara, lafudhi ya kwao bado iko mdomoni. Alikuja anajifuta mikono, akainamisha kichwa kwenye mlango wangu niliokwisha kuufungua. "Shikamoo mama. Shikamoo mama," akawasalimu somo na shangazi, kisha akanigeukia. "Upepo unatoka wa moto, ama hautoki kabisa?"

"Hautoki kabisa."

"Basi siyo gesi. Wengi wanakimbiliaga gesi." Hakuwa na haraka hata kidogo, na mimi nilitamani nimsukume mgongoni.

"Fundi, nina bibi harusi ndani."

"Namwona. Washa swichi, usiwashe injini."

Alikuwa na kitaa kidogo chenye waya mbili. Akagusa fyuzi upande huu, kikawaka. Upande wa pili, kikawaka. "Umeme umefika hapa." Akaniambia nizungushe kitufe cha feni, akatega sikio. Ndani ya dashibodi kitu kikasema ta. "Umesikia? Relei nayo nzima. Inasema washa, ila anayeambiwa hasikii." Akamwomba somo ashuke, akafungua skrubu za droo la mbele, akalichomoa lote na makaratasi yangu ndani, kisha akalala chali sakafuni, miguu nje, kichwa chini ya dashibodi.

Somo alisimama nje, mkono kwenye mlango. Mimi nilikuwa nimegeuka nusu kwenye kiti. Nilianza kusikia ile filimbi. Mtu asiyeijua asingeisikia. Ni sauti ndogo sana mwishoni mwa pumzi, kama maji yanapotaka kuchemka kwenye birika. Nimeisikia tangu nina miaka kumi na moja. Naweza kuisikia kupitia ukuta.

"Mbona anahema?" akauliza shangazi. Utani ulikuwa umemtoka sautini.

"Joto," nikasema.

"Joto," mdogo wangu naye akasema kutoka chini ya shela, kunitetea. Nililisikia neno lile linavyotoka nusu, na bado sikutia mkono mfukoni.

"Hee," fundi akasema kutoka chini. Akatoka na soketi mkononi, ile inayoungana na mota ya feni, waya zikining'inia. Plastiki nyeupe ilikuwa imegeuka kahawia, imelegea, imekunjamana kama andazi lililoanguka jikoni. Akaigeuzageuza juani. "Hii imepikwa. Na imepikwa kutoka nje. Waya ukizidiwa na umeme huwa unaungua kutokea ndani, huku nje kunakuja mwisho. Hii, ndani nzima, nje imeiva. Ilikuwa inashika kwa bahati, ukipita kwenye shimo inagusa, ukipita lami nzuri inaachia." Akanitazama. "Hapa chini palikuwa na moto. Nani amewasha moto ndani ya gari?"

Niliona chetezo changu mahali pale pale nilipojipongeza kukiweka, na makaa yake yanachoma juu nusu saa nzima.

"Udi," somo akajibu badala yangu, kwa hasira niliyostahili. "Alifukiza udi."

"Ah, udi!" Shangazi akafurahi nyuma. "Basi si neno, amefanya kwa nia njema. Fundi, unganisha tuondoke."

Fundi akarudi chini. Akakata soketi yote, akamenya waya, akazisokota moja kwa moja pamoja na waya wa kutoka kwenye betri, akazifunga utepe. "Itakuwa na spidi moja tu," akasema. "Ile kubwa. Utakuja nikutafutie soketi." Akagusanisha.

Feni ilivuma ghafla. Haikuwa mbili yangu, ilikuwa nne na zaidi ya nne, kwa nguvu ambayo sijawahi kuitumia. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Kisha matundu yote ya dashibodi yakatema majivu.

Nilikuwa nimewasha feni ile Alhamisi kwa mwendo mdogo, kitufe cha kuzuia hewa ya nje kimefungwa, na chetezo kikiwa karibu kabisa na mdomo inaponyonyea. Siku mbili majivu yalikaa humo yakingoja mtu ayapulize kwa nguvu kuliko ile mbili yangu. Yalitoka wingu la kijivu, na harufu ya udi nzito kama siku ya kwanza, na harufu ya plastiki iliyoungua, moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma. Yakatua kwenye gauni jeupe. Yakaingia chini ya shela.

Mdogo wangu alikohoa mara mbili, ya tatu haikutoka. Akajifunua mwenyewe. Akaondoa mkono wa shangazi, akafungua mlango, akageuka na kuweka miguu yake yenye hina kwenye mchanga wa oili, mbele ya wanaume wote wale, uso wazi, wanja umeanza kuteremka. Mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Akaninyooshea kiganja.

"Kaka," akasema. "Pampu."

Nilikuwa nimeshashuka, nimesimama mbele yake, mkono tayari uko mfukoni umeishika. Na nikamtazama shangazi kwanza.

Nimejisamehe mambo mengi maishani, hilo sijaweza. Labda ilikuwa sekunde mbili. Mdogo wangu aliona macho yangu yanakwenda wapi, akaendelea kunyoosha mkono, akingoja nimalize.

Nikampa. Akaitikisa, akavuta, akashika pumzi, akavuta tena. Wanaume pale waligeuka wote wakatazama upande wa barabara bila kuambiwa na mtu. Somo alikuwa amepiga magoti anampepea kwa kanga. Shangazi naye alikuwa ameshuka, akazunguka gari, akamwekea mkono mgongoni, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Vuta mwanangu. Usiogope. Vuta." Fundi aliacha feni ivume milango ikiwa wazi, majivu yakatoka hadi yakaisha, akachukua kitambaa chake kisafi kuliko vyote akafuta viti.

Ilichukua muda. Mabega yalishuka kidogo kidogo. Filimbi ilipopungua shangazi alinyanyuka, akanikabili.

"Tangu lini?"

"Tangu ana miaka minne."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, shangazi."

"Na wewe ukanijibu." Nilingoja kelele. Ningependa kelele. "Mie sikuuliza ili nimkatae mtoto wa watu," akasema. "Niliuliza nijue nimuwekeje." Alikuwa anataka kuendelea, mdomo uko wazi, nikaona uso wake unabadilika. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Chumba chao."

"Kimefanya nini?" somo akauliza.

"Tumekifukiza tangu juzi, asubuhi na jioni. Tumefunga madirisha, tumeziba chini ya mlango kwa kanga moshi usitoke. Godoro, mito, pazia, kila kitu. Na sasa hivi wako humo wanaongeza, maana anaingia." Alininong'oneza yaliyobaki, ili mdogo wangu asisikie. "Tungemfungia humo, mwanangu. Tungemfungia humo tukatoka nje tukacheza ngoma."

Nikakaa kwenye betri moja ya fundi, na kanzu yangu nyeupe nikaiharibu. Miezi yote ile nilikuwa nikiogopa watajua. Kuwaza kile watakachofanya wasipojua, mimi bingwa wa kuwaza mabaya, hakukunijia hata siku moja.

Tuliondoka vioo vyote vinne vimeshushwa, feni inavuma spidi yake moja, bibi harusi uso wazi, pampu mkononi mwake juu ya paja. Watu wa njiani walimpungia. Shangazi aliwapungia kwa niaba yake, akiwatolea macho wale waliokodoa sana. Magomeni tulikutana na pikapu ya matarumbeta inarudi kututafuta, wapulizaji wamenyong'onyea. Walipotuona wakageuza, wakatufuata nyuma wakipuliza. Kwenye kioo cha kati mdogo wangu alinitazama mara moja, akageukia dirishani.

Tulipofika Kinondoni vigelegele vilianza kabla gari halijasimama. Shangazi alishuka likiwa bado linatambaa, akapunga mikono vinyamaze, akapita katikati ya wanawake na kuingia ndani. Nikasikia sauti yake ile ya barabarani. Kisha madirisha ya chumba cha uani yakafunguka moja baada ya jingine, na moshi ukatoka. Ulitoka mwingi, mzito, wa rangi ya maziwa, ukapanda ukutani taratibu. Wanawake waliovaa sare walianza kutoa vitu: mapazia, mito, chetezo bado kinafuka, na mwisho godoro jipya limebebwa na watu wanne, wakalisimamisha uani kwenye upepo. Wageni walisimama na sahani mkononi. Mdogo wangu alibaki garini, somo pembeni yake, upepo wa feni unamchezea nywele za mbele.

Bwana harusi alitoka barazani na joho lake, kijana mwembamba aliyenyolewa asubuhi ile. Aliliangalia godoro, akaliangalia gari, akaja moja kwa moja kwangu.

"Kaka, kuna nini?"

Nikamshika mkono nikamsogeza ukutani, nikamweleza. Sikuruka kitu. Nilimwambia habari ya miaka minne, ya posa iliyorudi, ya swali la shangazi yake na jibu langu, ya chetezo, na ya zile sekunde mbili. Nilingoja aulize kwa nini. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mabovu. Yeye alikuwa anatazama kule garini.

"Na usiku," akasema, "ikimshika usiku, nyie huwa mnafanyaje?"

Nikamwambia, "Usimlaze. Mkalishe, mgongo wima, fungua dirisha. Kaa karibu yake, ila usimsemeshe, kujibu kunammaliza."

Akarudia maneno yangu kwa midomo, bila sauti, kisha akaniomba nimwambie tena kuanzia mwanzo.